Bakapu Imetengwa, Logi Zinatokea Mlango Gani?

Siku hizi ukikaa na maafisa TEHAMA wa hapa Tanga, wawe wa hospitali, wa vyama vya akiba na mikopo au wa kampuni za forodha zinazoshinda bandarini, hukosi kusikia neno moja: kutenga. Bakapu imetengwa. Seva ya nakala rudufu imepewa chumba chake, haina intaneti, haionani na mtandao wa ofisi ila kwa muda mfupi usiku wakati wa kupokea nakala, na funguo za chumba ziko kwa watu wawili tu. Ni hatua njema, na ilichelewa. Kinachonisukuma kuandika ni namna inavyozungumzwa, kana kwamba kazi ilikwisha siku ile kebo ilipochomolewa. Mfumo uliotengwa nao huharibika. Ukiharibika, mtu ataomba logi zake, yaani zile kumbukumbu ambamo mfumo unaandika kila ulichofanya na kila kilichoushinda, na logi hizo zitatoka tu, iwe njia imepangwa au haikupangwa. Hoja yangu ni kwamba katika mifumo mingi iliyotengwa, njia hiyo ya kutokea ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, na taasisi ambayo haijaamua mapema logi zake zitatokaje, zikiwa na nini ndani na mikononi mwa nani, bado haijamaliza kutenga.

Kwanza tuelewe kwa nini watu wamelipenda neno hili. Juni 2017 shambulio la kirusi cha NotPetya liliipiga kampuni ya meli ya Maersk, ambayo makontena yake tunayaona kila siku pwani hii. Kampuni ilikuwa na seva zipatazo 150 duniani za kutunza utambulisho wa watumiaji na mashine zake, kila moja ikinakili kwa mwenzake, na zote zilifutwa kwa pamoja kwa sababu zote zilikuwa zinaonana. Iliyobaki ni moja, ya ofisi ya Ghana, ambako umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio. Data ile ilibidi ibebwe kwa mkono kutoka Ghana, ikapokewa na mfanyakazi mwingine uwanja wa ndege Nigeria, ikafikishwa Uingereza, na ndipo kampuni ikaanza kusimama. Kila aliyesikia kisa hicho alijifunza kwamba nakala inayofikika na adui si nakala. Wadai fidia wa mtandaoni, wale wanaozifunga faili za watu kisha kudai pesa ili wazifungue, nao wanalijua hilo. Wakiingia, huanza kuitafuta bakapu kabla hawajafunga faili moja la ofisi. Kwa hiyo sipingani na kutenga hata kidogo.

Shida ni kwamba chumba kilichotengwa kinakaa kimya, na ukimya wa mashine hauna maana moja. Unaweza kuwa wa afya, unaweza kuwa wa maiti. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab ilifuta kwa makosa kanzidata yake kuu, ikakimbilia bakapu, ikakuta kwamba kati ya njia tano ilizokuwa nazo hakuna iliyokuwa ikifanya kazi kwa uhakika. Nakala za kila siku zilikuwa zimeshindwa kwa muda kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na kanzidata. Mfumo ulikuwa ukituma barua pepe za kuripoti hitilafu, lakini barua hizo zilikataliwa njiani kwa kukosa uthibitisho wa mtumaji, na hakuna aliyeziona. Waliokolewa na nakala ambayo mfanyakazi mmoja aliichukua kiasi cha saa sita kabla ya kosa hilo kwa shughuli nyingine. Ninakisimulia kisa hiki kwa wale wanaosema bakapu iliyotengwa isitoe chochote kabisa. GitLab walikuwa na intaneti pande zote na bado habari za ugonjwa hazikuwafikia. Sisi tunaozima mawasiliano kwa makusudi, tena kwenye mji wa joto na hewa ya chumvi ambako diski hazina maisha marefu, tutajuaje?

Nieleze nilichokiona mwenyewe, mara moja tu. Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye taasisi moja hapa mjini ambayo sitaitaja. Chumba kilikuwa safi, kiyoyozi kinafanya kazi, na kwenye sanduku la diski taa moja ya rangi ya chungwa ilikuwa inawaka na kuzima. Mzabuni, aliyekuwa nje ya mkoa, alikuwa ameomba "furushi la uchunguzi", lile faili moja kubwa ambalo mfumo hulitengeneza ukibonyeza kitufe, likakusanya logi zote, mipangilio yote, na wakati mwingine picha ya kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya mashine. Kijana wa zamu akatoa flashi iliyokuwa kwenye funguo za pikipiki yake. Ilikuwa na nyimbo, fomu za maombi ya kazi, na faili alizochapisha asubuhi ile kwenye duka la stesheneri. Akaichomeka. Mfumo uliotengwa kwa mamilioni ya shilingi ukakutana na kila kompyuta ambayo flashi ile ilikuwa imepita. Nikamwomba tulifungue furushi kabla halijatumwa, tukaanza kusoma. Hatukuona yaliyomo ndani ya faili za taasisi, ni kweli. Tuliona majina yake, maelfu, mstari kwa mstari, kila lililonakiliwa usiku uliopita. Na watu huita faili kwa majina yanayosema: barua ya onyo ya fulani, mkopo ulioshindikana wa fulani, majibu ya vipimo ya fulani. Jina la faili peke yake lilikuwa limeshatoa siri ya mtu, na furushi lilikuwa linaelekea kwenye barua pepe.

Tangu siku hiyo nimezisikia hoja za kila upande, na mbili kati yake zina uzito. Ya kwanza ni ya wale wakali: kitu kisitoke, fundi aingie chumbani, asome kwenye skrini, aandike kwa kalamu. Wana ushahidi. Stuxnet, kirusi cha kompyuta kilichogunduliwa 2010, kiliingia kwenye mitambo ya nyuklia ya Iran ambayo haikuwa imeunganishwa na intaneti, na njia iliyosambaza kirusi hicho ilikuwa flashi. Mwaka 2014 watafiti wa usalama Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha kwamba chipu inayoendesha flashi yenyewe inaweza kuandikwa upya, kifaa kikajitambulisha kwa kompyuta kuwa ni kibodi na kuanza kuchapa amri, na kuifomati flashi hakusaidii kwa sababu ubaya haukai kwenye faili. Ninakubaliana nao juu ya hatari. Ninachotofautiana nao ni kudhani kwamba katazo litaheshimiwa saa nane usiku, mkurugenzi akiwa kwenye simu anauliza kwa nini mfumo haurejeshi data. Katazo lisilo na njia mbadala huzaa njia ya panya, na njia ya panya ndiyo flashi ya kwenye funguo za pikipiki.

Hoja ya pili ni ya wazabuni, na wao pia wasikilizwe. Wanasema: unganisha mfumo kwa dakika chache, mhandisi wetu aingie kwa mbali, achukue anachotaka, mchomoe tena. Kwa kweli mhandisi aliyebobea kwenye sanduku lako la diski huenda yuko Bangalore au Dublin, na akiliona tatizo kwa macho yake mtapona haraka kuliko kubishana kwa barua pepe kwa siku tatu. Lakini dakika hizo chache ni za njia ya pande mbili. Kinachotoka kinatoka, na kinachotaka kuingia nacho kimefunguliwa. Adui ambaye ameshakaa kwenye mtandao wa ofisi wiki kadhaa hahitaji saa nzima; anahitaji muda wa kutuma amri moja. Na siku ya kuunganisha huwa ndiyo siku mbaya kuliko zote, kwa sababu mnaunganisha bakapu wakati kitu kimeshaharibika na hamjui ni hitilafu ya kawaida au ni kazi ya mtu.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa kujiamini zaidi: logi hazina siri, ni maneno ya mashine tu. Mei 2018 Twitter iliwaomba watumiaji wake milioni 330 wabadilishe nywila, kwa sababu kasoro ilikuwa imeziandika nywila kwenye logi za ndani zikiwa wazi, kabla hazijafichwa. Oktoba 2023 kampuni ya Okta, ambayo biashara yake ni kuthibitisha utambulisho wa watumiaji wa mifumo, ilitangaza kwamba wavamizi waliingia kwenye mfumo wake wa kuhudumia wateja, na baadaye ikasema walizifikia faili za wateja 134. Zilikuwa faili ambazo wateja wenyewe walizipakia wakiomba msaada, kama sisi tunavyotuma mafurushi yetu, na ndani ya baadhi yake kulikuwa na tokeni, yaani alama za kidijitali zinazouambia mfumo kwamba mtu ameshathibitishwa, za watu waliokuwa wameshaingia kwenye akaunti. Wavamizi wakazitumia kuingia kwa wateja watano. Na Septemba 2023 Microsoft, ikijaribu kueleza jinsi ufunguo wake wa kidijitali wa kusaini vibali vya kuingia kwenye akaunti ulivyoibwa na barua pepe za idara za serikali ya Marekani kusomwa, ilisema inaamini ufunguo ulitoka ndani ya faili la uchunguzi la mfumo ulioanguka Aprili 2021, faili lililohamishwa kutoka mtandao uliotengwa kwenda mahali pa kufanyia uchunguzi palipounganishwa na intaneti. Machi 2024 ilirekebisha kauli hiyo na kusema haijalipata faili lenye ufunguo huo. Hata hivyo, fikiria: kampuni yenye wahandisi kiasi kile ilipotafuta njia ambayo siri ingeweza kuvuka ukuta, iliyoiona inaaminika kuliko nyingine ilikuwa logi za uchunguzi.

Hata pasipo nywila, logi ya bakapu ni ramani. Inasema toleo la programu mnalotumia, kwa hiyo udhaifu upi haujazibwa. Inasema akaunti gani ina mamlaka ya kufuta. Inasema nakala huingia saa ngapi na kwa dakika ngapi, yaani saa ambayo daraja liko chini. Ningekuwa ninapanga kuiteka taasisi, ningeichukua karatasi hiyo kabla ya nywila ya mhasibu.

Sasa njia. Wavuvi wa pwani hii wanalijua dema, ule mtego wa kusukwa ambao mdomo wake ni mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani. Samaki anaingia bila taabu, kutoka haoni pa kutokea. Hakuna mlinzi anayemzuia; umbo la mtego ndilo linalozuia. Kuna kifaa cha mtandao kinachofanya hivyo hivyo, na mafundi hukiita dayodi ya data. Ndani yake kuna uzi wa faiba wenye taa ya kurusha mwanga upande mmoja na jicho la kupokea upande wa pili. Upande wa pili hauna taa. Hata programu zote za pande mbili zikitekwa, hakuna kitakachorudi, kwa sababu hakuna cha kukirudisha. Gharama yake ni kwamba mtumaji hapati jibu la "nimepokea", kwa hiyo mawasiliano ya kawaida ya mtandao hayapiti. Ujumbe hutumwa zaidi ya mara moja, na kila mstari hupewa namba ili anayepokea akiona pengo kati ya 4,117 na 4,119 ajue kuna uliopotea.

Hapa ndipo nimeona hata wataalamu wakichanganya. Bakapu ina safari mbili zinazokwenda pande tofauti: nakala zinaingia, logi zinatoka. Dayodi ya kuingizia nakala haitoi logi, na ya kutolea logi haiingizi nakala. Wengine, wakitaka yote mawili, huweka mbili na kuzifunga kwenye kompyuta moja ya nje. Wakifanya hivyo wamejenga mviringo. Anayeiteka kompyuta ile anatuma amri kwa mlango mmoja na kusoma majibu kwa mlango wa pili, na kutenga kumekwisha. Mashine inayopokea logi isiwe ile inayotuma nakala, wala isifikiwe kwa nywila zilezile, wala mtu mmoja asizisimamie zote.

Najua dayodi halisi ni ghali, na taasisi nyingi za ukubwa wetu hazitainunua mwaka huu. Ipo njia ya kimaskini ambayo siionei haya kuipendekeza: CD tupu, ile ya kuandikwa mara moja. Inabeba megabaiti 700, zinatosha logi zilizochujwa. Haina chipu ya kujifanya kibodi. Ikishaandikwa na kufungwa haiongezwi kitu, na ikishatoka chumbani hairudi; ikishasomwa inakatwa. Flashi ya kawaida ni mgeni asiyefuata desturi ya Tanga ya waja leo waondoka leo. Inakuja leo, inaondoka, inarudi kesho na iliyoyaokota njiani.

Kutoka kwenyewe kufuate utaratibu ambao mji wa bandari unaujua tayari. Kontena halipiti getini kwa neno la dereva; kuna kibali, kuna lakiri yenye namba, na namba ya lakiri inasomwa upande wa pili. Faili la logi nalo lina lakiri yake: kokotoo la SHA-256, herufi na tarakimu 64 ambazo hubadilika kabisa hata ukigusa nukta moja ndani ya faili. Ikokotolewe ndani ya chumba, iandikwe daftarini, kisha mpokeaji aisome kwa simu, si kwa barua pepe ileile iliyobeba faili. Faili lenyewe lifungwe kwa ufunguo wa wazi wa mhandisi atakayelisoma, yaani ufunguo wa kidijitali ambao yeyote anaweza kufungia lakini wa kufungulia anao yeye peke yake, ili likianguka mikononi mwa mwingine liwe takataka. Na karatasi ya kibali iwe na mstari mmoja ambao watu huusahau: saa ya mfumo ilikuwa inasemaje, na saa ya ukutani inasemaje. Mashine iliyotengwa haina wa kumuuliza saa. Hupotea sekunde chache kila siku, na baada ya miezi ni dakika. Juu ya hilo, logi nyingi huandikwa kwa saa ya UTC, ile ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Mlinzi anasema umeme uliyumba saa nane na dakika kumi usiku, logi inasema 23:10 ya tarehe iliyotangulia, na mhandisi wa mbali anatafuta tukio kwenye siku isiyo yake. Nimeona saa nyingi za kazi zikipotelea hapo.

Kuhusu nini kitoke, wazabuni wana lalamiko moja la haki: logi ikichujwa sana inakuwa haina maana, na wakati mwingine mstari uliofutwa kwa ajili ya siri ndio uliokuwa na jibu. Kwa hiyo uchujaji ubadilishe, usifute. Jina la faili likigeuzwa kuwa alama ileile kila linapojitokeza, mhandisi bado anaona kwamba faili moja limekwama mara arobaini, hata kama hajui ni la nani. Na mara nyingi hahitaji hata hilo. Katika taasisi ile niliyoitaja, baada ya kukubaliana utaratibu mpya, diski nyingine ilipoanza kuonyesha sekta mbovu kilichotoka chumbani kilikuwa ukurasa mmoja: sanduku lina diski ngapi, ipi mbovu, hitilafu ngapi, tangu lini. Mzabuni aliuliza swali moja kwa simu. Furushi zima, hasa lenye picha ya kumbukumbu ya mashine, libaki jambo la mwisho, kwa saini ya mkuu wa taasisi na baada ya mtu wa ndani kulisoma.

Sheria nayo imeingia kwenye habari hii. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ndani yake taasisi inayokusanya taarifa za watu inawajibika nazo, pamoja na zinapopelekwa nje ya nchi. Jina la mgonjwa kwenye mstari wa logi ni taarifa binafsi. Maabara ya mzabuni iliyo ng'ambo ni nje ya nchi. Afisa anayebonyeza "tuma" akidhani anaomba msaada wa kiufundi amesafirisha taarifa za wananchi, na mara nyingi mkataba wa matengenezo haukusema neno juu ya nani atazifuta na lini. Ninawaomba wanaoandaa zabuni za mwaka wa fedha unaoanza Julai wadai hayo kwa maandishi: logi gani zitaombwa, zitachujwa na nani, zitakaa kwa mzabuni siku ngapi, na kwamba hakuna mhandisi atakayeunganishwa kwa mbali na chumba kilichotengwa.

Wadai pia kipengele cha diski. Waranti nyingi hutaka diski mbovu irudishwe ndipo upewe mpya, na watu huifunga kwenye boksi na kuikabidhi basi la kwenda Dar es Salaam bila kuwaza. Diski iliyoshindwa kusomwa na mashine yako haijashindwa kusomwa na kila mtu. Ukilinda mistari arobaini ya logi kwa saini tatu, kisha ukaipakia diski nzima kwenye buti la basi, mlango mkubwa umeuacha wazi. Wazabuni wengi wana mpango wa mteja kubaki na diski yake kwa ada ndogo ya ziada. Uombwe siku ya kusaini, kwa sababu baadaye hautolewi kwa urahisi. Taasisi ile iliulipia. Diski yao ya kwanza, ile ya taa ya chungwa, iko kabatini kwenye chumba kilekile, imetobolewa matundu manne kwa drili, na namba yake imeandikwa daftarini pamoja na jina la aliyeitoboa.